Injini ya mbio iliyotoka kwenye vyuma vyangu vya uani

Uani kwetu Ngamiani, Tanga, kulikuwa na injini mbili za Toyota zilizokufa: 4A-GE iliyopasuka bloku (mwili wenye silinda), na 7A-FE yenye bloku nzima ila iliyoungua hedi (kifuniko cha juu chenye valvu). Silinda zote zina kipenyo cha milimita 81, ila krenkshafti ya 7A, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inasukuma pistoni milimita 85.5 badala ya 77 za GE, kwa hiyo ujazo wake ni mkubwa zaidi. Kwa mbio za mita 402, yaani robo maili ya mstari mnyoofu, nilitaka kuunganisha bloku ya 7A na hedi ya GE.

Mkanda wa taimingi wa GE, unaozungusha valvu pamoja na krenkshafti, ukawa mfupi, maana bloku ya 7A ni ndefu zaidi. Nilihesabu meno, nikazunguka maduka ya spea hadi nikapata mrefu. Hilo dogo.

Kisanga kilikuja nilipozungusha injini kwa spana: tk! Ikagoma. Kama ningepiga starta, valvu zingepinda zote. Nikafungua, nikabandika donge la unga wa ngano juu ya pistoni ili kupima nafasi kati yake na valvu, nikalipaka mafuta, nikafunga tena, nikazungusha taratibu. Mzee jirani akauliza, "Mwanangu, injini au chapati?" Donge lilikuwa limekatika hadi chuma. Pistoni za 7A hazina vishimo vya kutosha kwa valvu za GE.

Pistoni za ile GE mbovu zilikuwa nazo. Nikaziosha, fundi kereza akarekebisha konrodi za 7A (fimbo zinazoshika pistoni) zikubali pini za pistoni hizo, nikaweka ringi mpya. Nikarudia unga. Safari hii wembe ulikata donge lenye unene wa milimita 2 na nusu.

Iliwaka jioni ile ile, moshi kidogo, sauti nzito.