Siku moja maishani mwangu: fundi wa kilti, Edinburgh

Saa 2:30 asubuhi
Nawasha pasi kwanza, chai baadaye. Karakana yetu iko Leith, upande wa bandarini, na ufundi wa awali nilijifunzia Tanga. Kuna kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, ya kijana mwembamba, iliyokwisha kupigwa bandi. Inataka pasi tu na kitambaa kibichi juu yake mpaka marinda yashike. Hiyo haina maneno.

Saa 4:00
Anaingia baba wa bwana harusi, mtu wa miraba minne na kitambi juu yake. Kabla sijashika utepe kanitajia saizi: 44. Hiyo ni ya suruali, na suruali anaifungia chini ya tumbo. Kilti haikai huko. Hukaa usawa wa kitovu au juu kidogo, ikashuka hadi katikati ya goti. Nikampima hapo: inchi 48. Hakuwa anapumua.

"Mzee, usibane tumbo. Siku ya harusi si utakula?"

Akacheka, tumbo likarudi mahali pake. Inchi 52. Nyonga 50.

Hapo ndipo kazi inapobadilika. Kwa wanaume wengi kiuno ni chembamba kuliko nyonga, kwa hiyo kila rinda hupunguzwa kidogo kadiri linavyopanda. Kwa mzee huyu hakuna cha kupunguza. Na hiyo 52 huigawi nusu kwa nusu, maana tumbo liko mbele. Nikapima ubavu hadi ubavu: mbele 29, nyuma 23. Ukimpa 26 kwa 26, kipande cha mbele hakifiki ubavuni, marinda yanavutwa kuja mbele na kufumuka akitembea. Ndivyo ilivyokuwa ile aliyowahi kukodi mahali, anasema. Alishinda sherehe nzima ameishikilia kwa mkono.

Urefu nao nachukua mara tatu: mbele, ubavuni, nyuma. Kitambaa kikipita juu ya kitambi, pindo la mbele hupanda na magoti yakabaki wazi. Na chini hatukati wala hatukunji, ule ni ukingo wa kitambaa kama ulivyofumwa. Marekebisho yote hufanyika juu, kiunoni, ili mistari ya tartani, kitambaa cha mirabaraba cha kilti, ilale sawasawa kuzunguka mwili.

Saa 7:00 mchana
Supu na mkate. Mjomba katuma sauti WhatsApp: "Bado unawashonea wanaume sketi?" Nikampa shikamoo yake, kisha nikamtajia bei, pauni mia kadhaa kwa moja. Kimya.

Saa 8:00
Hesabu ya kitambaa. Kilti ya kawaida hula yadi 8. Ukimshonea mtu mkubwa kwa yadi hizohizo, vipande viwili vya mbele, cha juu na cha chini yake, vinameza sehemu kubwa, na nyuma unabaki na marinda machache, mapana, yasiyo na kina. Akigeuka hayachezi. Naagiza yadi 9, sufu nzito ya wakia 16 kwa yadi, kwa sababu nyepesi hugandamana na mwili. Bei inapanda, na nimemwambia mapema. Zile za bei chee za watalii pale mtaa wa Royal Mile, za kubandika kiunoni, simzuii mtu kununua, ila zisiitwe za kupimwa.

Bizimu nitaziweka pawe na nafasi ya kulegeza na kukaza. Watu wa umbo hili hubadilika kati ya kupimwa na kuvaa, kama sisi wengine tu.

Saa 10:30 jioni
Mteja wa Kanada kaandika. Ni mnene, amejipima mwenyewe, na vipimo vyake haviingiliani. Ukiinama kusoma utepe, kiuno chenyewe kinahama. Nimemjibu atafute mtu wa kumpima, asimame wima atazame mbele, na apimwe baada ya chakula cha jioni. Kauliza kama hilo la chakula ni mila ya Waskoti. Hapana, ni yangu.