Nilivyowaonyesha vijana mkondo mzito unavyolipiga bomba chini ya bahari

Nafundisha vijana wa mafuta na gesi hapa Mtwara na kila mwaka swali ni lile lile, mwalimu si umesema kule chini mawimbi hayafiki, sasa bomba linasumbuliwa na nini? Jibu ni mkondo mzito, yani maji mazito yanayotiririka chini ya maji mepesi. Nikaona maneno matupu hayatoshi, bora wajionee.

Nikatafuta tangi la samaki la kioo, lile refu, katikati nikaweka plastiki ngumu kama geti. Huku maji ya kawaida, kule maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita, yani kama ya bahari, na rangi ya bluu ya keki ili yaonekane. Upande wa maji ya kawaida nikalaza kipande cha bomba la kupitishia waya, nimelijaza maji lisielee. Tofauti ya uzito kati ya maji ya huku na ya kule ni kama asilimia 2.5 tu!

Ukichomoa geti, maji ya bluu yanapita chini chini, mbele yana kichwa kinene kimevimba, kinafika kwenye bomba, kinalipanda na bomba linabingirika. Pigo kubwa linakuja na kile kichwa, kikishapita msukumo unapungua, na vijana wakawa wananiambia mwalimu rudia hapo hapo. Nikaliinua kidogo kwa kokoto, maji yakapita juu na chini, nikawaambia hii ndo mbaya zaidi, kwa sababu baharini mchanga ukichimbwa bomba linabaki linaning'inia, linatikisika weee mpaka chuma kinachoka.

Ila baharini mara nyingi kinachoongeza uzito ni tope, sio chumvi. Januari 2020 mkondo wa tope ulishuka kwenye korongo la chini ya bahari, pale mto Kongo unapoingia baharini, zaidi ya kilomita 1,100, ukaanza na mita 5 kwa sekunde ukafika 8, ukakata nyaya za intaneti za SAT-3 na WACS. Tangini kwangu ni kama sentimita 10 kwa sekunde. Sasa msukumo unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo, yani mwendo mara 80, msukumo mara 6,400, na hapo hujahesabu uzito wa tope lenyewe. Darasa zima kimya.

Gesi yetu ya Kitalu namba 2, eneo la gesi lililoko baharini kusini mwa Tanzania, iko kwenye kina cha kama mita 2,500 na bomba la kuileta nchi kavu lazima lipande mteremko wenye makorongo, kwa hiyo hili ni letu kabisa. Siku hizi nikiwapa ramani wachore njia, hawapigi tena mstari mnyoofu, wanalizunguka korongo, na pasipozungukika wanalaza bomba lifuate mkondo badala ya kuukinga ubavu.