Tazama mikono yako

Nimekaa mbali miaka tisa, na nilirudi nikiwa na hakika ya jambo moja: nimekuwa mtu mtulivu. Kule nilikokuwa kila mtu alinisifia hivyo, nami nikakubali. Sikukumbuka kwamba wote hao walinijua kwa yale niliyowasimulia mwenyewe. Shahidi mimi, hakimu mimi.

Siku ya tatu tumekaa na dada yangu mkubwa, tunazungumza mambo ya familia, nani alifanya nini na nani hakufanya. Mimi naitikia tu kwa sauti ya chini, "sawa dada", "hakuna neno". Akanyamaza kidogo.

"Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Tazama mikono yako, mdogo wangu."

Nikatazama. Tiketi ya safari nilikuwa nimeikunja, nikaikunja tena na tena, imebaki kijipande kama ukucha, na gumba bado limeikandamiza. "Ulikuwa unayafanyia hivyo madaftari ya shule," akasema. "Mama naye ni hivyo hivyo, ila yeye ni pindo la nguo."

Miaka tisa ya utulivu, kumbe hasira ilihamia vidoleni.

Tunasema nyani haoni kundule, na mara nyingi tunasema kwa kumsuta mtu. Mimi naona tunamwonea nyani. Macho yake yamekaa mbele, afanyeje? Hata uso wangu mwenyewe siujui sawasawa, maana ule wa kwenye kioo umegeuzwa, wa kushoto uko kulia. Mwaka 1977 watafiti nchini Marekani waliwaonyesha watu picha zao za namna mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe walielekea kuipenda ya kioo, marafiki na wapenzi wao wakaipenda ya kawaida. Kila mmoja na sura aliyoizoea. Kwa hiyo uso ambao dada anauona kila siku, mimi huuona pichani tu, na kila mara naona kama umekaa upande.

Upo pia mchoro wa wanasaikolojia wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, wa mwaka 1955. Ni dirisha la vyumba vinne: ninayoyajua na wengine wanayajua, ninayoyaficha, wanayoyaona wengine nami siyaoni, na yasiyojulikana na yeyote. Wakaliita Johari, kwa kuunganisha Joe na Harry. Kwamba kwetu johari ni kito, hiyo ni bahati tu, ila nimeipenda. Kile chumba cha tatu, nilipokuwa mbali, hakikuwa na mtu wa kukichungulia.

Wanaotuchungulia nao hukosea, msidhani. Dada bado ananiachia taa ya ukumbini usiku kwa sababu utotoni niliogopa giza. Nimemwambia mara mbili kwamba ninachohitaji sasa ni giza lenyewe, usingizi umekuwa wa kuokoteza. Haamini. Hilo la usingizi ninalijua mimi peke yangu, na hapo sitaki kusahihishwa na mtu. Lakini rafiki yangu wa tangu utotoni aliponiambia, "Wewe bwana, siku hizi ukiulizwa swali unajibu kama uko kwenye usaili," nilinuna siku mbili, kisha nikaanza kujisikiliza. Kweli. Hata nikiulizwa kama nimeshiba, natoa sababu tatu.

Juzi usiku simu ililia, ni yale yale mambo ya familia. Nikaongea taratibu, kwa heshima, sauti haikupanda hata kidogo. Dada akapita nyuma yangu, akanyoosha kiganja bila kusema neno.

Nikamkabidhi karatasi.