Barafu ikishaachia tu, mimi niko ziwani

Jana mchana nimesimama pembeni ya ziwa karibu nusu saa, sina fimbo ya kuvulia samaki wala nini, naangalia barafu tu. Ule weupe umeisha, imekuwa ya kijivu imelowa, na pale ukingoni imeshaachana na nchi kavu, kuna kamstari ka maji upana wa kiganja hivi, moyo ukaruka jamani! Miezi yote ya baridi nilikuwa nasubiria hako kamstari. (Kuikanyaga sahivi hapana, barafu ya namna hiyo hata ikiwa nene haina nguvu.)

Usiku nikatoa vifaa. Mshipi wa nailoni umekaa kwenye rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) tangu vuli, ukiuvuta unatoka umejikunja kama springi, huo natupa nafunga mpya. Ndoana nazijaribu kwenye ukucha, ikiteleza inataka kunolewa, iking'ang'ania basi ni kali.

Kitu nilichochelewa kukielewa ni kwamba mwili wa samaki unafuata joto la maji. Baridi yote anakaa kule chini, manake maji yanakuwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4, yenye baridi kuliko hapo yanabaki juu karibu na barafu, kwahiyo chini ndo afadhali. Hana haraka, anakula kidogo. Barafu ikiisha jua linapiga kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye tope jeusi, joto likipanda kidogo tu wadudu wanaanza kutembea, samaki wadogo wanasogea na wakubwa nyuma yao. Zamani nilikuwa nadamka alfajiri vidole vinaganda bure, siku hizi naenda saa nane mchana jua likishafanya kazi yake, chambo nakivuta polepole mnooo, nakiacha kitulie, nahesabu mpaka 10 ndo navuta tena. Samaki wa kipindi hiki hakurupuki, utasikia tu mshipi umekuwa mzito kidogo, ukingoja mshtuko umeshamkosa.

Paiki nao (samaki wawindaji wa maziwa ya baridi, warefu wenye meno makali) ndo wanaingia kwenye majani ya majini kutaga, nikimpata jike tumbo limejaa namrudisha majini taratibu, na kuna sehemu uvuvi wake unafungwa wakati huo kwahiyo nacheki sheria kwanza.

Wiki hii utabiri unasema upepo mkali na usiku hautagandisha, na upepo ndo unaomalizia kuvunja barafu. Begi liko mlangoni tayari.