Siku 28 zilikuwa na hesabu

Usiku ule niliobakwa nilioga mara tatu, kisha nikafua kanga. Alfajiri mama mdogo alinikuta uani nimekaa na ndoo tupu. Hakuniuliza nani, aliniuliza lini. Nilipomwambia jana baada ya isha, akanirushia baibui: "Inuka, mwanangu. Siku tatu hazijapita."

Tukaenda Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, Chake Chake. Nilidhani watanirudisha kwa kuwa nimeshaoga. Daktari akasema kuoga kunapunguza ushahidi, hakuninyimi matibabu. Nguo tu ningekuja nazo bila kuzifua, kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni huzivundisha. Nikapimwa, nikapewa kidonge cha kuzuia mimba, dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B na vidonge vya kuzuia VVU. Hivi vya mwisho lazima vianzwe ndani ya saa 72, na ni vya siku 28 bila kuruka hata moja.

Vilinitapisha. Nikavihamishia usiku, baada ya kula, nikawa natia alama kwenye kalenda ya ukutani. Waliokuja nyumbani walidhani nalipa deni la Ramadhani, nami nikawaacha wadhani hivyo. Miezi mitatu baadaye kipimo cha VVU kikatoka salama, nikajiona nimemaliza.

Kumbe lililobaki halikuwa na hesabu. Chini ya kitovu kuliniuma, hedhi ikapotea kisha ikaja nzito, usingizi saa mbili tu, na mtu akipiga hodi moyo unanienda mbio. Utrasaundi haikuonesha kitu. Jirani akasema nina shetani. Mama akaniletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, nikalinywa, kwa nini nimvunje moyo? Ila aliyenifungua ni nesi mshauri: mwili ukikaa macho kwa hofu hukaza misuli ya nyonga, na maumivu hayo ni ya kweli hata picha ikiwa safi. Nililia, si kwa huzuni. Ni kwamba kumbe sikuwa nazua.

Tukaanza na usingizi. Nikahamia chumba cha mama mdogo, fundi akatia komeo kwa ndani. Nikishtuka usiku, navuta pumzi taratibu na kutaja vilivyopo: chandarua, feni, mama mdogo anakoroma.

Siku hizi mara nyingi naamshwa na adhana. Tumbo hunikumbusha hedhi ikikaribia. Komeo bado nalifunga.