Tatizo sio bastola, ni mkono unaowahi

Jana nilikuwa renji, uwanja wa mazoezi ya shabaha, na binamu yangu ndo anaanza, anatumia mkono wa kulia, mita 7 tu na risasi zote zinaenda chini kushoto, akasema bastola mbovu. Hapana jamani. Nikamchanganyia risasi bandia kwenye magazini bila kumwambia, ilipofika zamu yake akavuta triga, klik, mtutu ukainama wenyewe! Yaani mkono unaogopa teke la bastola, ule mrusho wa nyuma risasi ikitoka, kabla halijaja. Na bastola kwa ufupi wake haisamehe, mfano bastola ya Glock 17, alama za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zimeachana milimita 165 hivi, ukikosea milimita 1 hapo, mita 10 mbele umekosa kwa sentimita 6. Tukarudia polepole, triga anaiminya kama anadondosha dawa ya macho, ndo zikaanza kuingia katikati.