Kete moja katikati

Mwaka 2009 nilikuwa nimepanga vyumba viwili Sinza, Dar es Salaam, nikiishi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Sebuleni palikuwa na kompyuta ya mtumba ambayo usiku haikuzimwa. Ilikuwa inacheza Go.

Go ni mchezo wa Asia Mashariki. Mnaweka kete nyeusi na nyeupe kwenye makutano ya mistari, na kete zikizibwa pumzi, yaani makutano matupu yanayozigusa, pande zote hutolewa ubaoni. Ubao wa wakubwa ni mistari 19 kwa 19. Mimi nilitumia ule mdogo wa 9 kwa 9. Programu niliandika mwenyewe kwa njia iliyovuma tangu 2006 na Crazy Stone ya Rémi Coulom na MoGo, zote za Ufaransa: kabla ya kuweka kete, kompyuta inajichezea michezo maelfu ya kubahatisha mpaka mwisho, kisha inachagua pale palipoleta ushindi zaidi.

Agosti 2008 MoGo, ikiendeshwa na prosesa 800 zilizokuwa Amsterdam, ilimshinda Kim Myungwan, mchezaji wa kulipwa wa dani (ngazi ya uhodari) ya 8, baada ya MoGo kutangulizwa kete tisa ubaoni kama nafuu. Habari hiyo ilinikosesha usingizi. Nilitaka kujua nguvu ikiongezwa maradufu, uhodari unapanda kiasi gani. Prosesa 800 sikuwa nazo, lakini usiku nilikuwa nao. Nikaanza na michezo ya kubahatisha 1,000 kwa kila kete, kisha 2,000, kisha 4,000, nikaenda hivyo mpaka 64,000.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Mechi 200 kwa kila ngazi, rangi zikibadilishana, na hata hizo 200 zinakuachia shaka ya asilimia kama saba juu au chini. Umeme ulikatika mara moja nikiwa nimepita nusu, matokeo yote yakapotea. Tangu siku hiyo kila mechi ikiisha niliiandika kwenye faili papo hapo.

Programu ilipocheza na nafsi yake, kila ngazi iliipiga ile ya chini yake bila wasiwasi. Nilifurahi mno. Kisha nikaileta mbele ya GNU Go, programu ya mtindo wa zamani inayotegemea maarifa iliyoandikiwa na watu kuhusu makundi yaliyo hai na yaliyokufa. Hapo ngazi za mwanzo zilipanda vizuri, halafu mstari ukalala. Kutoka 16,000 hadi 64,000 nilikuwa nachoma umeme tu.

Jumamosi moja usiku nilikaa kuangalia mechi ya 64,000 mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu alikuwa anachambua mchele pembeni. Mchezo alikuwa ameshaujua kwa kuutazama tu. Programu yangu ilikuwa nyeupe. Kundi lake la pembeni lilikuwa limezungukwa, ndani limebakiwa na nafasi tatu zilizonyooka. Ilitakiwa iweke kete katikati yake, ipate macho mawili, yaani nafasi mbili za ndani zilizotengana ambazo adui hawezi kuziziba kwa pamoja, ipone. Ikacheza upande mwingine kabisa wa ubao. GNU Go ikaweka kete nyeusi moja, pale katikati.

"Kaka," akasema, mkono bado kwenye ungo, "hilo si limeshakufa?"

Kwenye skrini programu ilikuwa inajipa asilimia 81 za ushindi.

Nikairudisha hatua ile ile kwa michezo 1,000. Ilisema karibu hivyo hivyo. Kwa 64,000 ilisema hivyo kwa uhakika zaidi. Nikafungua msimbo wa programu, na kosa nikalikuta kwenye mstari nilioujivunia: katika michezo ya kubahatisha nilikataza mchezaji kuweka kete itakayobakiwa na pumzi moja, kwa sababu mara nyingi huo ni upuuzi. Lakini kuliua kundi kama lile lazima mweusi aingie ndani na kete za namna hiyo hiyo, zitolewe, aingie tena. Kwangu hakuna aliyeingia. Mchezo uliisha, maiti ikahesabiwa hai. Mara 64,000.

Iliniuma. Wiki nzima ya usiku nilikuwa nanunua uhakika wa jibu baya.

Nikaiandika upya kanuni: ruhusu kete ya pumzi moja ndani ya jicho la adui ikiwa umbo linaloachwa ni la kuulia, yaani halimpi adui macho mawili. Mistari kama 40, na ikapunguza kasi kidogo. Saa nane usiku nikaipa hatua ile ile, kwa michezo 4,000 tu. Ikawaza kidogo, ikaweka kete nyeupe katikati.

Mdogo wangu alikuwa ameshalala. Nilimwamsha.

"Imeweka wapi?" akauliza kabla hajafumbua macho.

"Katikati."

Akageukia ukutani. "Haya, anza kuhesabu upya."

Nikaanza na 1,000.